UZI: Mboji yetu nyeusi safi lakini tungule (nyanya) na bilingani zinakuwa njano, kuna nini?

#1 BintiMakunduchi
A.aleikum wana jukwaa. Nauliza wanaojua mambo ya mboji, msinipite.

Sie kina mama wa huku kusini tunalima mboga kwenye vitanda, mana ardhi yetu mnaijua, maweni matupu, ukipiga jembe linalia. Tulikuwa tunanunua samadi kwa wenye ng'ombe, ikawa haba na bei ikapanda, tukaona tutengeneze mboji wenyewe. Tukakusanya makumbi ya nazi yaliyokwisha chambuliwa usumba (nyuzi zake) pamoja na vumbi lake, makapi ya mpunga kutoka Cheju, mavi ya kuku wa mayai yaliyochanganyika na maranda ya bandani, magogo ya migomba tukayakatakata, na majani mabichi tuliyoyapata njiani. Lundo tukalipanga tabaka tabaka, tukalimwagia maji, tukalifunika makuti. Likapata moto, tukaligeuza, likapata tena, mwisho likapoa. Sasa hivi ni jeusi, halinuki vibaya, ukilishika linachambuka mkononi.

Kitanda kimoja tukajaza mboji hiyo na udongo wa hapahapa. Cha pili kina udongo mwekundu wa kinongo ulioletwa na gari, na samadi ya zamani. Miche imetoka kitalu kimoja, imepandwa siku moja, maji ya kisima kimoja.

Cha samadi kimestawi mashaallah. Cha mboji tungule zimekuwa njano zimedumaa, bilingani nazo njano, mchicha umetoka ukasita pale pale. Wenzangu washaanza kusema mboji haina kazi turudi kwenye urea. Mie sikubali mpaka nijue sababu.

#2 Kaskazi_Upepo
Picha tafadhali. Mganga haagui kwa simu.

#3 ShambaBububu
Hiyo mboji haijaiva, basi. Weusi si kuiva, vumbi la makumbi likilowa tu linaonekana jeusi hata kama limetoka kwenye kumbi jana. Angalia ulivyotia: makumbi, makapi, maranda. Vitu vitatu vikavu, kaboni tupu, halafu kuku peke yao ndio wavibebe vyote hivyo.

Hesabu yake iko hivi. Vile vijidudu vinavyoozesha vinataka kaboni 25 mpaka 30 kwa naitrojeni 1. Mavi ya kuku yako kwenye 10 hivi, samadi kwenye 20, lakini makapi ya mpunga yanapita 80, vumbi la makumbi linazunguka 100, na vumbi la mbao usiseme, linafika 400. Ukiingiza mzigo kama huo kwenye udongo kabla haujamaliza kuoza, vijidudu vinaendelea na kazi yao humo humo kitandani, naitrojeni vikiikosa kwenye makumbi vinaichota kwenye udongo, na mche unabaki na njaa wakati umekaa juu ya chakula. Ndio hiyo njano yako. Ile mboji iliyobaki itie mkojo wa ng'ombe au majani mabichi ya mti wa glirisidia, igeuze, iache ipate moto tena.

#4 MzeeWaKinongo
Mwanangu Binti, kabla hujamsikiliza mtu yeyote humu nikiwemo mie, nenda kitandani ukaangalie njano inaanzia jani gani. Kama ni majani ya chini, yale ya zamani, na jani lote limepauka, hiyo ni naitrojeni, mche unawanyang'anya wazee kuwapa watoto. Kama ni majani mapya ya kileleni, mishipa imebaki kijani na katikati njano, hapo naitrojeni haihusiki, ni chuma hicho. Njano si ugonjwa mmoja. Nimefanya kazi ya ubwana shamba mpaka nikastaafu na hili ndilo jambo watu wanalolikimbilia bila kuinama.

#5 BintiMakunduchi
Shukran mzee wangu. Picha zinagoma kupanda, mtandao wa huku jioni haufai.

Nimekwenda nimeinama. Tungule zimeanza majani ya chini, jani zima limepauka. Bilingani ni juu kileleni, mishipa kijani katikati njano kama ulivyosema. Na kuna bilingani mbili tatu ncha za majani zimeungua zikawa kahawia.

#6 Kaskazi_Upepo
Haya, Bububu kashinda kwenye tungule, Mzee kashinda kwenye bilingani 😂 bado ncha hazijapata mwenyewe.

#7 MzeeWaKinongo
Ncha zitapata mwenyewe. Mie naanza na bilingani.

Maweni ni jiwe la matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Udongo wa huko Makunduchi, Jambiani, Paje mpaka Michamvi umekaa juu ya chokaa hiyo, pH yake (kipimo cha uchachu, ikipanda uchachu unapungua) iko 8 au karibu yake. Chuma kimo udongoni, tena kingi, lakini kwenye pH hiyo kinajifunga hakiyeyuki, mzizi unakiona hauwezi kukichukua. Zinki nayo hivyo hivyo, na fosforasi inashikwa na kalsiamu. Kinongo cha upande wa magharibi hakina tabia hiyo, ndio mana kitanda chako cha pili kiko salama.

Sasa juu ya hapo umeongeza mavi ya kuku WA MAYAI. Hao wanalishwa chokaa na maganda ya kombe ili maganda ya mayai yawe magumu, na kinachobaki kinatokea kwenye mavi. Kwa hiyo umechukua udongo wa chokaa ukauongeza chokaa. Kama huamini chukua udongo wako mkavu, utie siki. Ukitoa povu na sauti ya kuchemka ujue chokaa iko tele. Halafu fanya hivyo hivyo kwa mboji peke yake utwambie.

#8 MpembaMicheweni
Mzee kasema kweli. Sie Micheweni mawe yetu ni kama ya kwenu huko Makunduchi, watu wakisikia Pemba wanadhani kote ni vilima vya karafuu na udongo mwekundu. Njano hiyo ya kileleni tunaijua tangu tuko wadogo. Bibi yangu alikuwa anatumbukiza misumari yenye kutu kwenye mtungi wa maji, akimwagilia maji yale bilingani zinarudi kijani.

#9 Kijana_Kizimbani
Kaka Mpemba, kwa heshima ya bibi, kutu ni chuma kilichokwisha jifunga tayari, kwenye maji hakiyeyuki cha kutosha mmea. Kama zilirudi kijani basi kuna jambo jingine, pengine mvua, pengine samadi aliyotia. Hata ukinunua salfeti ya chuma ukaimwaga kwenye udongo wa maweni, inashikwa haraka hata mche haujafaidi. Inayofanya kazi ni kupulizia majani moja kwa moja, nyepesi na jioni, au kile chuma cha kiwandani kilichofungiwa kwenye kemikali ya EDDHA ambacho kinastahamili pH kubwa, ila hicho ni ghali.

Na hapa ndipo mie natofautiana kidogo na Mzee. Mboji iliyoiva vizuri INASAIDIA chuma kwenye chokaa, ule uozo unatoa asidi zinazokishika chuma na kukipeleka kwenye mzizi. Kwa hiyo mboji ingetakiwa ipunguze njano ya bilingani, isiizidishe. Isipozuia, basi tunarudi kwa Bububu, haijaiva.

#10 ShambaBububu
Ahsante Kijana 🙏

#11 MamaMwani
Hamjambo. Nasoma tangu juzi nangojea mtu aulize, hajauliza. Hayo makumbi mmeyatoa wapi? Binti kasema yamechambuliwa usumba. Huku kwetu pwani makumbi hayachambuliwi makavu, yanafukiwa kwanza kwenye matope ya bahari yanakaa miezi na miezi mpaka yalainike, maji yanajaa yanakupwa juu yake, ndipo yanafukuliwa yanapigwa. Hilo vumbi linalobaki limekunywa bahari! Ncha za majani zilizoungua ni chumvi. Mie sihitaji picha.

#12 BintiMakunduchi
Mama yangu ni kweli. Kiasi cha nusu yametoka kwa bibi mmoja anayefukia pwani, nusu ni makavu ya kwenye kufulia nazi. Hatukuyaosha, hakuna aliyetwambia yanaoshwa.

#13 ShambaBububu
Lakini chumvi inaunguza ncha na pembeni, haigeuzi tungule nzima njano. Na tungule inastahamili chumvi kuliko maharage. Isitoshe kisima ni kimoja kwa vitanda vyote viwili.

#14 MamaMwani
Kisima ni kimoja ndio, mie nasema makumbi. Tena hata kumbi ambalo halijaona bahari lina chumvi chumvi yake, mnazi unaota pwani. Watu wanaouza vumbi la makumbi nje kwa ajili ya vitalu wanaliosha kwanza, hawaliuzi hivi hivi.

Nakwambia kwa niliyoyafanya. Mie ni mkulima wa mwani, kilimo hiki kimeanza huku mwambao wa mashariki 1989 na mie nimekikuta kwa mama yangu. Mwani aina ya kotonii ulipoanza kutufia kwa joto la maji tukabaki na aina ya spinosamu, na kila bamvu kuna mwani unakatika, unatupwa ufukweni, unaoza bure. Nikaanza kuubeba nyumbani kwa ajili ya bamia. Ukiutia na chumvi yake bamia zinakaa kimya, hazifi, hazikui. Ukiutandaza juu ya mawe wakati wa masika ukanyeshewa mvua mbili tatu kubwa, ndio ukautia lundoni na majani na samadi, utapenda bamia zako. Hiyo ndiyo tofauti, mvua kati yake.

#15 Kaskazi_Upepo
Ncha zimepata mwenyewe.

#16 UreaInatosha
Mnazunguka sana. Tia urea kijiko kimoja kwa shina, wiki ijayo kijani. Wazee wetu walilima na mbolea ya dukani tukashiba.

#17 MpembaMicheweni
Wazee wako wewe labda. Wa kwangu walifunga ng'ombe kondeni, leo kwenye mnazi huu kesho ule, mpaka konde zima limepata. Mbolea ya dukani ilikuja baadae sana.

#18 Kijana_Kizimbani
Urea si haramu, lakini kwenye maweni ukiimwaga juu bila kuifukia inageuka hewa ya amonia inapaa, pH ikiwa juu ndio inapaa zaidi. Utaisikia puani kabla tungule haijaipata. Ukiamua kutumia, kidogo sana, ifukie, mwagilia. Na kama tatizo ni chuma au chumvi, urea haitogusa kitu, ikizidi itaongeza mzigo wa chumvi.

#19 HesabuNdogo
Samahani naingilia. Mie si mkulima, nafundisha sayansi skuli, lakini huu mlinganisho wa vitanda viwili hautupi jibu hata tukibishana mpaka vuli. Kitanda A kina udongo wa maweni NA mboji. Kitanda B kina kinongo NA samadi. Vimebadilika vitu viwili kwa pamoja. Bububu analaumu mboji, Mzee analaumu udongo, na kila mmoja ana ushahidi ule ule.

Dada Binti, tafuta makopo ya rangi au ndoo mbovu, utoboe chini. Moja maweni na samadi, moja maweni na mboji, moja kinongo na mboji, moja kinongo na samadi. Na za ziada utie mboji iliyooshwa. Panda maharage, yanaota upesi na ni mepesi kuonesha chumvi. Panda na bilingani. Hapo tutazungumza.

#20 MzeeWaKinongo
Mwalimu kasema maneno. Lifanye hilo.

#21 FundiCheju
Na dawa ya majani hamjaifikiria? Sie kwenye mpunga watu wanapulizia 2,4-D kuua magugu ya majani mapana, na tungule ni jani pana. Tungule ikinusa dawa ile hata kidogo majani yanajipinda yanakuwa membamba kama uzi. Mboji yenye mabua ya mpunga uliopigwa dawa mie siitaki karibu na tungule.

#22 Kijana_Kizimbani
Tahadhari nzuri, ila mambo mawili. Binti katia makapi, ganda la punje, hajatia mabua. Na 2,4-D kwenye lundo lililopata moto sawasawa inavunjika, haiko kama zile dawa nyingine za malishoni zinazokaa kwenye samadi muda mrefu. Dada Binti, majani yamejipinda?

#23 BintiMakunduchi
Hayajajipinda. Yamepauka tu.

#24 FundiCheju
Basi nafuta. Lakini makapi yenyewe hayaozi kirahisi nayo, yana silika nyingi (madini magumu kama ya mchanga), hata ng'ombe hayatafuni. Sie tunayachoma moshi bila kuwaka mpaka yawe meusi, ndio tunachanganya kwenye kitalu. Yanafanya udongo wa kinamo upumue.

#25 JivuNiMali
Hapo sasa! Tia jivu kwenye mboji mambo yote yaishe, jivu lina kila kitu.

#26 MzeeWaKinongo
Jivu usilitie kwenye maweni mwanangu. Jivu linapandisha pH, nalo ni chokaa chokaa na potashi. Kwenye udongo wenye asidi huko kwenye karafuu lina faida kidogo kidogo. Huku pwani ya mawe unamwongezea mgonjwa homa.

#27 WeteKarafuu
Mzee kataja potashi, hapo hapo nataka kuingia. Hebu tazameni alichotia Binti: makumbi, potashi nyingi. Magogo ya migomba, potashi nyingi mno. Mavi ya kuku, yana yake. Potashi ikizidi inamzuia mmea asichukue magnesiamu, na dalili yake ni majani ya CHINI ya tungule kuwa njano katikati ya mishipa. Binti kasema ya chini. Mie tungule zangu zilikuwa hivyo kwenye kitanda nilichotia migomba mitupu, nikanunua chumvi ya haluli, ile ile ya dawa ya tumbo, nikayeyusha kwenye maji nikapulizia, zikarudi.

Na mkitaka kujua, majani ya mkarafuu nimeyatia pia kwenye lundo, ila kidogo. Yana mafuta makali, kile kinachotia ganzi kwenye jino kinaua na mbegu zinazoota. Ukiyatia mengi mabichi mchicha hautoki.

#28 ShambaBububu
Binti kasema jani LOTE limepauka, si katikati ya mishipa. Rudi #5.

#29 WeteKarafuu
Nimerudi. Jani lililopauka sana huwezi kuona mishipa tena, Bububu. Angalia lile la pili kutoka chini, ndilo linalosema.

#30 Dada_Mfenesini
Na nzi weupe jamani? Wanaleta ule ugonjwa wa majani ya tungule kukunjana juu na kuwa njano, ukishaingia hautoki. Geuza jani utazame chini yake, ukitikisa mche ukaona vumbi jeupe linaruka ndio hao.

#31 BintiMakunduchi
Wapo, ila wapo vitanda vyote viwili.

#32 Dada_Mfenesini
Sawa, lakini endelea kuwatazama, kwangu walianza kidogo hivyo hivyo.

#33 Baba_Shaaban
Namna ya kujua mboji imeiva mie nilifundishwa hivi, chukua mboji yenye unyevu uitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uache siku kadhaa, ukifungua ikitoa harufu kali haijaiva, ikinuka udongo wa mvua imeiva.

#34 Kaskazi_Upepo
Mfuko wa plastiki Zanzibar hii? Imepigwa marufuku tangu 2006, anza na kututajia duka lako tukakuripoti 😂

#35 Baba_Shaaban
😂 basi chupa ya achari yenye kifuniko. Maana ni hiyo hiyo, isipate hewa.

#36 NaziMbili
Tahadhari kwa wenye minazi. Lundo lenye makumbi na magogo yaliyooza ndilo analolipenda yule mdudu wa minazi mwenye pembe. Anataga humo, mabuu yake meupe manene unayakuta yamejikunja. Akikua anaruka usiku anakwenda kutoboa moyo wa mnazi, makuti yanatoka yamekatwa kama kwa mkasi. Kila mkigeuza lundo okoteni mabuu muwape kuku. Sie mtaani kwetu minazi michanga imekwisha kwa magogo ya minazi ya zamani yaliyoachwa yakaozea chini.

#37 MpembaMicheweni
Kweli tupu. Lundo likipata moto wa 55 na kwenda juu hawakai, lakini pembeni kwenye ubaridi wanajaa.

#38 Mjini_Tu
Swali la nje kidogo. Sie wa mjini hatuna samadi wala makumbi, lakini sokoni Mwanakwerekwe kila siku linamwagwa jabali la maganda ya ndizi, kabeji mbovu, maganda ya miwa, chicha cha nazi kutoka majumbani. Yote yanapakiwa na kupelekwa jaani Kibele. Kwa nini hayapelekwi kwa kina mama kama hawa?

#39 MamaMwani
Yachambuliwe kwanza. Taka ya soko ikishachanganyika na chupa na betri mie siitii kwenye bamia zinazoliwa na watoto. Mwenye kuuza ndizi akiweka pipa lake, mwenye kabeji lake, kabla gari halijaja, mie ndio ntaipokea.

#40 Mjini_Tu
Kazi ipo hapo kwenye pipa. Na inaniuma, kabeji na karoti zinavuka bahari kutoka Lushoto zinaoza sokoni kwetu halafu na rutuba yake tunaitupa.

#41 DagaaKama
Kwa wanaotafuta naitrojeni, huku kijijini Kama kwenye madagaa kunabaki vichwa na vumbi la dagaa. Lina nguvu kuliko kuku. Ila dagaa wetu wanachemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo chukueni mabichi yaliyoharibika, msichukue yaliyochemshwa. Na yafukieni katikati ya lundo mana paka wa jirani watawakesha.

#42 BintiMakunduchi
Nimerudi na makopo, samahanini kwa kimya, tulikuwa na shughuli ya harusi.

Siki kwanza. Udongo wetu umechemka kama soda. Mboji nayo imetoa povu, dogo lakini lipo.

Bilingani: kwenye maweni na samadi, kilele kimekuwa njano kidogo. Kwenye maweni na mboji, njano zaidi. Kwenye kinongo na mboji kilele kizuri, lakini mche mdogo na majani ya chini yamepauka. Kinongo na samadi, uzuri mtupu.

Maharage: kwenye mboji tupu yameota kwa shida, majani ya mwanzo yameungua pembeni. Kwenye mboji tuliyoiosha kwa maji ya mvua, yameota vizuri zaidi, ila nayo bado yamepauka.

Wenzangu wameona makopo wenyewe na sasa hakuna anayesema urea, wanauliza tufanye nini na lundo lililobaki.

#43 MzeeWaKinongo
Kilele cha bilingani kimekuwa njano kwenye maweni hata palipotiwa samadi. Basi ni udongo, nilisema.

#44 ShambaBububu
Na kwenye kinongo kisicho na chokaa mboji hiyo hiyo bado imeutia mche njaa. Na iliyooshwa bado imepauka. Mboji haijaiva, nilisema.

#45 MamaMwani
Na maharage yameungua kwenye isiyooshwa, yamepona kwenye iliyooshwa. Mie nna haja ya kusema?

#46 WeteKarafuu
Ngojeni, maji yanapoosha chumvi yanaosha na potashi vile vile, nayo inayeyuka kwa wepesi. Kwa hiyo hilo kopo la maharage limewatetea Mama Mwani na mie kwa pamoja, hatujui nani. Binti, jaribu chumvi ya haluli kwenye nusu ya tungule tu, nusu uiache.

#47 HesabuNdogo
Na maji ya mvua yanaondoa na naitrojeni iliyokwisha yeyuka, kwa hiyo hata kupauka kwa iliyooshwa hakumpi Bububu ushindi kamili. Tungepata mashine ndogo ya kupima chumvi kwenye maji ya mboji, na karatasi za pH, nusu ya maneno haya yangekwisha.

#48 Kijana_Kizimbani
Dada Binti, peleka kifurushi cha mboji na kimoja cha udongo maabara ya udongo wapimwe pH na chumvi. Wakati unangoja: lundo lililobaki lifunue mvua za vuli zilinyeshee kidogo, halafu ulitie samadi na majani mabichi ulifunike lianze upya. Kitanda cha tungule usiking'oe, mwagia juu maji ya samadi iliyolowekwa, nyepesi rangi ya chai. Bilingani nyingine uzipande kwenye kinongo, kwenye maweni weka bamia na mchicha.

#49 BintiMakunduchi
Allah awalipe nyote. Haluli nimeagizia mjini, ntatia nusu kama alivyosema wa Wete. Ndugu yangu Kijana, kwenye hilo lundo majani mabichi yaliyo karibu ni mwarobaini tu, glirisidia iko mbali. Yanafaa?

#50 MpembaMicheweni
Yanafaa, na minyoo ya mizizi haiyapendi.

#51 ShambaBububu
Machache. Mwarobaini unachelewesha naitrojeni kugeuka ile ambayo mboga inaipenda, na wewe ndiyo unayoitafuta.

#52 MzeeWaKinongo
Sikubaliani. Kwenye maweni ambako inapotea haraka, kuchelewa huko kuna faida. Weka, Binti, robo ya lundo.

#53 ShambaBububu
Mzee, robo ni nyingi mno...